Usizipige Pasi Santuri za Baba

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia santuri arobaini na kitu. Zimekaa ndani ya sanduku la bati juu ya dari, hapa nyumbani Pasua, Moshi, tangu mwaka 2009. Mwezi uliopita nimezishusha nikakuta kumi na moja zimepinda. Nyingine zimebonyea kama sinia, nyingine ukingo umejikunja kama pindo la sketi, sindano ikifika hapo inaruka. Nne kati ya hizo kumi na moja ni nzito sana na zina picha ya mbwa kwenye lebo. Jirani anasema nizipige pasi juu ya taulo. Shemeji anasema nizianike juani katikati ya vioo viwili. Mimi nina jiko la gesi lenye oveni ya umeme. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Najua kufungua sanduku la mzazi kulivyo, hata miaka ikipita.

Nianze na jirani, maana ushauri wake ndio wa hatari zaidi na ndio rahisi kuutekeleza jioni moja tu. Pasi ya umeme ukiiweka kwenye nukta moja, ile ya nguo za nailoni, bado inafika karibu nyuzi joto 110. Santuri ya kawaida huanza kulegea ikikaribia nyuzi 60. Taulo litachelewesha joto kidogo, kisha litaacha alama za nyuzi zake juu ya mifereji ya muziki, nawe utabaki na kitu kilichonyooka kisichoimba. Rudisha pasi kabatini, na jirani mwambie asante.

Shemeji yako yuko karibu zaidi na ukweli. Nami niliwahi kufikiri kama yeye. Nilikuwa bado kijana, nina kibanda changu Majengo, hukohuko kwenu, kabla sijahamia Arusha. Dereva mmoja wa lori aliniletea LP, yaani santuri kubwa ya nyimbo nyingi, ya Mbaraka Mwinshehe iliyopinda kwa kusahauliwa juu ya dashibodi. Ilikuwa Februari, na jua la Moshi mwezi huo unalijua. Nikaibana kwenye vioo viwili, nikailaza juu ya bati la kibanda, nikaenda kula mtori. Niliporudi baada ya kama dakika arobaini na tano, kioo hakishikiki. Santuri ilikuwa imenyooka vizuri hata nikaanza kujisifu. Nikaiweka kwenye gramafoni: sauti inatoka kama mtu anaimba ndani ya blanketi, herufi "s" zote zimepotea, na chini yake kuna mvumo wa kama mvua ya mbali. Nilimlipa yule bwana, na sikulala vizuri siku kadhaa.

Kilichotokea ni hiki: santuri ni nyeusi, inameza jua, na kioo kinazuia joto lisitoke, sawa na gari lililofungwa vioo stendi. Joto la hewa linaweza kuwa nyuzi 33 tu, lakini katikati ya vile vioo likapita 60 bila wewe kuona dalili yoyote. Wingu likipita linashuka, wingu likiondoka linapanda. Jua halina swichi. Kwa hiyo wazo la vioo viwili tunalichukua kwa shemeji, ila jua tunamwachia yeye.

Sasa uelewe kwa nini oveni inaweza kufanya kazi, maana ukielewa hutahitaji kunipigia simu kila hatua. Umewahi kumwona fundi umeme akipinda lile bomba jeupe la kupitishia nyaya? Anawasha karatasi au kijiti, analipasha kidogo huku akilizungusha, likilegea analipinda, halafu analishikilia hivyohivyo mpaka lipoe. Akiliachia mapema linajirudia. Akilipasha kupita kiasi linabadilika rangi na kusinyaa. Bomba lile na santuri ya baba yako ni ndugu wa damu: zote ni PVC, plastiki ambayo kwenye santuri huitwa vinaili, ingawa ya santuri imechanganywa na vitu vingine ili imiminike vizuri kwenye mashine ya kuchapia. Kazi ya joto ni kulegeza tu. Umbo linashikwa wakati wa kupoa. Wengi wanaoharibu santuri huongeza moto wakati walichokosa ni uvumilivu wa kupooza.

Na kwa nini tusilegeze sana ili mambo yaishe upesi? Kwa sababu muziki wenyewe ni umbo. Mfereji wa LP ni mwembamba kuliko unywele, na zile sauti za juu, yaani matoazi, "s" za mwimbaji, mlio wa kidole kwenye waya wa gitaa, ni vijibonde kwenye kuta za mfereji huo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Plastiki ikilegea kupita kiasi, kinachonyooka kwanza ni hivyo. Ndiyo maana LP ya yule dereva ilibaki na besi na ngoma, lakini "s" hakuna.

Kabla ya kuwasha chochote, chambua. Katika zile saba za kawaida, bila shaka ziko ambazo hazihitaji joto kabisa. Weka santuri kwenye pleya, izungushe bila kushusha sindano, utazame ukingo kwa ubavu. Shika njiti ya kiberiti karibu na ukingo: unene wake ni kama milimita mbili. Kama ukingo unapanda na kushuka kwa kiasi kisichozidi hapo, tena polepole kama wimbi la ziwani, shusha sindano uisikilize. Mkono wa sindano ulio mzima unamudu mwendo huo. Ikicheza bila kuruka na bila sauti kuyumba, iache. Za sinia nazo mara nyingi hucheza vizuri kuliko zinavyotisha, kwa sababu mwinuko wake ni uleule mzunguko mzima, sindano haipandi wala haishuki ghafla. Kizito kidogo cha kuweka katikati juu ya lebo, kile kinachouzwa kwa kazi hiyo, kinaweza kukumalizia tatizo.

Zinazosumbua kweli ni zile za pindo la sketi: mkunjo mfupi, mkali, sindano inaufikia kama pikipiki inavyofikia tuta. Hizo ndizo za kupeleka kwenye oveni. Nikuambie mapema kwamba mkunjo uliokuwa mkali sana huwa haunyooki wote. Ukitoka kwenye kuruka ukafika kwenye kucheza, umeshinda.

Jambo jingine kabla ya oveni: zile zinazocheza hata kwa kusuasua, zirekodi kwanza kwenye kompyuta. Huenda baba alinunua nyingi miaka ya sabini. Bendi zetu nyingi wakati huo santuri zao zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 usifunguliwe tena hadi 1983. Baadhi ya ulizonazo si rahisi kupata nyingine. Kama utakutana na za ndugu wa Kinyonga, wale wa Simba Wanyika, kumbuka walipitia Arusha hapa wakiwa Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya. Mimi huwa nazisikiliza kama mali ya mtaa.

Vifaa. Nenda duka la vioo ukakatiwe vipande viwili vya kioo cha kawaida cha milimita 6, sentimita 35 kwa 35, na umwambie fundi asage kingo zote, usije ukakatika. Pima oveni yako kwanza, kama haiingii 35 basi 32 inatosha kwa LP ya sentimita 30. Kioo cha ukubwa huo kina karibu kilo 1.8, kwa hiyo cha juu ndicho uzito wenyewe. Usiongeze tofali. Wengi huogopa kwamba kioo kitaponda mifereji. Santuri nyingi kuanzia katikati ya miaka ya hamsini zimetengenezwa na lebo na ukingo vilivyonyanyuka kidogo kuliko sehemu ya muziki, ili zikirundikwa zisisuguane. Kioo kinakaa juu ya lebo na ukingo, muziki unabaki na nafasi chini yake. Ukiongeza mzigo unaanza kuila nafasi hiyo.

Kingine ni kipimajoto, na hapa sina mjadala. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha oveni ni za kupikia keki, hazina ukweli wa kazi hii. Nimepima oveni ya mteja iliyoandikwa 50 ikafika 74 kabla haijajizima. Nunua kile kipimajoto kidogo cha kidijitali chenye waya na kichwa cha chuma, maduka ya pembejeo za kuku wanavyo kwa ajili ya mashine za kutotolesha, na vingi vinasoma mpaka 110. Kijaribu: kwenye maji yenye barafu kisome sifuri au karibu yake. Kwenye maji yanayochemka usitegemee 100. Kwenu Moshi maji huchemka karibu nyuzi 97, na huku Arusha tulikopanda juu zaidi ni 95 hivi. Nimewahi kuletewa kipimajoto kizima kinachodaiwa kibovu kwa sababu hiyo tu.

Osha santuri kwa maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, lebo isilowe. Iache ikauke nusu siku. Lebo yenye unyevu ikipata joto hufura malengelenge. Vioo navyo visafishe mpaka vilie chini ya kidole. Chembe moja ya vumbi ikibanwa ndani kukiwa na joto inakuwa "tak" ya kudumu kila mzunguko. Santuri iingie uchi, bila mfuko wake wa karatasi, kwa sababu karatasi ina mikunjo na mikunjo hiyo itahamia kwenye plastiki. Pitisha kidole kwenye tundu la katikati. Kama plastiki imechomoza pale, kioo kitakaa upande, na santuri hiyo usiibane.

Na ya kwanza isiwe ya baba. Tafuta santuri yoyote iliyokwaruzika isiyo na mwenyewe, ujifunzie. Kama haipo, chukua ile unayoipenda kidogo kuliko zote.

Panga hivi: trei ya kuokea juu, trei chini, vioo vyako katikati kwenye waya. Trei zinazuia joto la koili lisipige kioo moja kwa moja, maana koili ikiwaka nyekundu inachoma upande mmoja huku kipimajoto kikikudanganya kwamba hewa ni ya wastani. Kichwa cha kipimajoto kiguse kioo cha juu, kisining'inie hewani. Weka kila kitu kikiwa baridi, ndipo uwashe kwa kiwango cha chini kabisa. Vioo ni vizito, vitapanda taratibu, na hilo ndilo tunalolitaka. Kipimajoto kikifika 50, anza kuzima na kuwasha kwa mkono ili kisipite hapo. Hutatoka jikoni, kwa hiyo tafuta kiti na jambo la kufanya. Kaa kwenye 50 kwa saa nzima, kisha zima.

Baada ya kuzima, usifungue mlango. Mimi huanza saa mbili usiku, saa nne nazima, naenda kulala, nafungua saa moja asubuhi. Ukifungua mapema upande wa mlango utapoa kabla ya upande wa ndani, na santuri itapinda upya kwa namna ambayo haikuwa nayo jana. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usihangaike: usifungue, uhesabu kwamba umezima.

Asubuhi itazame kwa njiti ya kiberiti. Kama imepungua lakini bado inaruka, rudia usiku mwingine kwa nyuzi 53, kisha 55. Mimi mwisho wangu ni 57. Wapo mafundi wanaofika 60 na zaidi, na wapo wanaofaulu, lakini hao nao wana rafu ya santuri walizoziua ambayo hawakuonyeshi. Raundi tatu zikipita bila nafuu, acha. Kuna santuri zilizozaliwa na mkunjo kiwandani, kwa kutolewa kwenye mashine kabla haijapoa sawasawa, na hizo ukizipasha moto zinakumbuka zilikozaliwa na kurudi hapohapo.

Zile santuri ndogo za inchi saba huwa sizipi joto ila zikiwa haziwezekani kabisa. Nyingi lebo yake imenyanyuka kuliko ukingo, kioo kinaegemea katikati tu na kuyumba.

Oveni ya gesi tupu ingekuwa habari nyingine: nyingi haziwezi kushuka chini ya 120 hata mwali ukiwa mdogo kabisa. Bahati yako ya kwako ni ya umeme. Nawaandikia na wengine wasio na oveni: mimi mwenyewe siku hizi natumia sanduku la mbao nililolifunika godoro kuukuu, ndani yake nina balbu mbili za zamani za wati 60, zile za kulelea vifaranga, zikiwa zimefichwa nyuma ya bati ili mwanga usipige kioo. Kipimajoto ni kilekile, masaa ni yaleyale. Linapanda polepole kuliko oveni na kwa hiyo lina adabu zaidi. Kubana santuri kati ya vitabu vizito bila joto nako kunasaidia za sinia kidogo, lakini uhesabu wiki au miezi, na rafu iwe imenyooka kweli.

Tumefika kwa zile nne za mbwa, na hapa naomba ushike mkono wako. Gonga ukingo wa mojawapo kwa ukucha, taratibu. Ikilia kwa ukali kama sahani ya udongo, si vinaili. Hizo ni za mizunguko 78 kwa dakika, zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu wa India, jamii ya ile lakiri ya kufungia bahasha, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Mbwa yule ni wa HMV, kampuni iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Sisemi zako ni za Siti, ila angalia lebo vizuri kabla hujamruhusu mtu yeyote kuzishika. Usizisafishe kwa spiriti hata tone, shelaki inayeyuka ndani ya spiriti. Usizibonyeze kwa mkono zikiwa baridi ili kujaribu, zitakatika kama biskuti. Shelaki inanyooka kwa joto dogo zaidi, ikilazwa tu juu ya kioo kimoja bila cha juu, mpaka uzito wake wenyewe uilaze. Lakini tofauti kati ya kulegea na kuharibika kwake ni ndogo, na wewe ndiyo kwanza unajifunza. Hizo niletee.

Katika hizo zilizobaki, ukiikuta yenye chuma cheupe kinachong'aa ndani ya tundu la katikati, usiipashe na usiioshe. Hiyo si ya kiwandani, imechongwa moja kwa moja juu ya bamba la alumini lenye rangi nyembamba, na rangi hiyo ikipata joto au maji inabanduka. Iweke kando uniulize.

Kuhusu kuzihifadhi: lile sanduku litafutie kazi nyingine. Juu ya dari chini ya bati ni oveni isiyo na kipimajoto, na arobaini zikilala moja juu ya nyingine, ya chini imebeba karibu kilo tisa. Zisimamishe wima kama vitabu, zibanane kidogo zisiegemee, kwenye chumba chenye kivuli kuliko vyote na ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Zenye mfuko wa nailoni uliozibana, uvue mfuko huo. Nailoni husinyaa ikavuta pembe za jalada, na santuri hufuata. Wakati wa masika zipepee mara mojamoja, ukungu hupenda makaratasi yake.

Ukizileta zile nne, zifunge moja moja ndani ya khanga, uziweke kati ya mbao mbili, upande gari la asubuhi kabla jua halijakaza. Konda atataka kuziweka kwenye buti, au juu ya injini pale karibu na dereva. Kataa. Moshi mpaka Arusha ni kilomita 80 tu, lakini juu ya injini zinatosha kuziharibu. Zipakate.